Mkurugenzi kaitwa kwenye kipindi cha TV: mafunzo ya kuhojiwa yana maana au ni kumwaga hela?

Karani wa Viwandani
Wakuu, naomba ushauri. Kampuni inasindika maziwa, Dar es Salaam. Toleo moja la pakiti limeondolewa madukani kwa sababu liliganda kabla ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Mkurugenzi mtendaji kaalikwa kwenye kipindi cha asubuhi, mubashara, siku 9 kutoka leo. Hajawahi kuhojiwa hata mara moja. Idara ya fedha inasema mafunzo ni anasa. Yana faida kweli? Na nimdai nini mkufunzi?

Chumba cha Habari
Yana faida, mradi yafanyike mbele ya kamera. Mkufunzi akija na slaidi za saa 3, mrudishe. Kwa mtu mmoja nusu siku inatosha: saa 1 ya kupanga hoja, kisha mahojiano matatu ya dakika 4 au 5, kila moja lirekodiwe na litazamwe papo hapo. La kwanza liwe laini, la pili kali, la tatu la kushtukizwa mlangoni. Bosi haamini kwamba anasema "kimsingi" kila sentensi mpaka ajione mwenyewe.

Anayeuliza asiwe mfanyakazi wake. Hapa ofisi nyingi zinakosea. Nani atathubutu kumkatisha mkurugenzi na kumwuliza "mlijua lini?" Wataishia "shikamoo mzee, tueleze mafanikio ya kampuni". Tafuta mtangazaji aliyezoea kuendesha kipindi, asaini hati ya kutunza siri, na rekodi zote zibaki kwenu.

Binti Msemo
Mazoezi yawe kwa Kiswahili! Wakurugenzi wengi wanaijua biashara yao kwa Kiingereza cha vikao vya bodi. Kamera ikiwaka wanaanza kusaka maneno, na mtazamaji anadhani wanaficha kitu. Kaeni na mtu wa maabara muandike kila jambo litatamkwaje. "Mnyororo baridi", yaani kuyaweka maziwa kwenye ubaridi njia nzima, mama wa Mbagala hautambui. "Maziwa yalipata joto njiani" anaelewa mara moja, kama ndicho kilichotokea.

Tena asirudie neno baya la mwulizaji. Akiulizwa "mnauza sumu?" akajibu "hatuuzi sumu", kipande hicho ndicho kitakachozunguka WhatsApp, na neno limetoka kinywani mwake. Aseme: "Toleo hili liliganda mapema, tumeliondoa, na aliyenunua arudishe dukani apewe pesa yake." Hizo ni sekunde kama 10, na taarifa ya habari ya usiku ikikata kipande itakata cha urefu huo.

Mzee wa Bima
Napinga kidogo. Mafunzo hayaiokoi kampuni ambayo haijaamua. Pesa zinarudishwa au hazirudishwi? Wapi, mpaka lini, bila risiti je? Kama hayo hayajaamuliwa, mkufunzi atamfundisha kukwepa tu, na kukwepa kunaonekana.

Tazameni BP, kampuni ya mafuta, mwaka 2010. Mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka, wafanyakazi 11 wakafa, mafuta yakamwagika Ghuba ya Mexico. Mkuu wake Tony Hayward akaiambia kamera kwamba angependa arudishiwe maisha yake. Oktoba mwaka huohuo kiti kilikuwa cha Bob Dudley. Sasa mlinganishe na Michael McCain wa Maple Leaf Foods, Kanada, 2008, nyama zake zilipobeba bakteria wa listeria na watu wakafa. Aliomba radhi mwenyewe kwenye video, akasema washauri ambao hakuwasikiliza ni wanasheria na wahasibu. McCain alikuwa na uamuzi mkononi kabla ya kukaa mbele ya kamera.

Karani wa Viwandani
Asante sana. Je, akiulizwa asilolijua? TBS (Shirika la Viwango) bado wanapima sampuli.

Chumba cha Habari
"Sina la kusema" ni marufuku. Masikioni mwa watu ni kukiri. Asitangulie kutaja matokeo wala asikisie. Aseme: "TBS wanapima, matokeo sitayasemea kabla yao. Ninachojua leo ni hiki," kisha atoe namba ya toleo na mahali pa kurudisha. Afanye mazoezi ya kunyamaza pia: mtangazaji akikaa kimya baada ya jibu, anangoja bosi ajaze pengo, na madhara mengi huingia hapo.

Binti Msemo
Wewe piga simu kwa mwandaaji wa kipindi leo. Uliza wageni wengine ni nani, kuna simu za watazamaji, sehemu yake ni dakika ngapi. Shati lisiwe la mistari myembamba, linacheza kwenye kamera. Amtazame mtangazaji, asitazame lenzi, isipokuwa anahojiwa kwa mbali. Kiti kikiwa cha kuzunguka, aombe kingine. Na kimaikrofoni cha kwenye ukosi kinaendelea kusikia mpaka fundi akitoe, kwa hiyo hata kwenye matangazo ya biashara asikunong'oneze kitu.