Mjadala: Faini ya bima unalipa, halafu unaendelea na safari bila bima. Inamlinda nani?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba.

Majuzi nilikaa kiti cha mbele kwenye Noah ya abiria, tunatoka Chalinze kwenda Morogoro. Trafiki akatusimamisha, akazunguka nyuma, akaingiza namba ya gari kwenye simu. Akarudi dirishani: "Dereva, bima yako imeisha." Dereva hakubisha, alikuwa anajua. Mashine ikatema karatasi yenye namba ya malipo, faini shilingi 30,000, tukatakiwa safari njema. Tukaondoka vile vile tulivyojaa, na gari lile lile lisilo na bima, mbele ya macho ya sheria.

Sasa piga hesabu ya dereva. Bima ndogo, ile ya lazima, kwa gari dogo la binafsi ni 118,000 kwa mwaka, VAT ikiwemo. Za biashara ziko juu zaidi, na viti vinahesabiwa. Faini ni 30,000. Mwenye gari la binafsi asipokamatwa mara nne kwa mwaka, kukaa bila bima kumemlipa. Bodaboda ndiyo usiseme, faini yao ilishushwa hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021.

Bima ndogo haimsaidii mwenye gari kitu. Ukigonga mti, shauri yako na fundi wako. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, iliilazimisha kwa ajili ya mtu wa tatu: anayevuka barabara, mwenye baiskeli, mwenye kibanda cha chipsi ulichokiingia. Huyo, siku akigongwa, hafaidiki na faini iliyokwenda Hazina.

Hoja yangu: bima ndogo itoke mikononi mwa trafiki, iingie kwenye mafuta. Si jambo geni. Mwaka 2017 road licence, ile ada ya gari ya kila mwaka, ilifutwa, ikawekwa shilingi 40 kwenye lita. Gari linalokunywa lita 25 kwa wiki linamaliza kama lita 1,300 kwa mwaka. Gawanya 118,000 kwa hizo, unapata shilingi 90 hivi kwa lita. Anayetembea sana ndiye anayehatarisha watu wengi, naye atalipa zaidi. Hakuna stika, hakuna kusimamishwa, hakuna chai ya mtu.

Karibuni.

Mkazi wa Kigamboni

Mkuu umesahau kipande kimoja cha 2017. Ile 40 iliwekwa hadi kwenye mafuta ya taa. Bibi yangu kijijini na koroboi lake alilipia road licence ya V8 za mjini. 2023 ikaja 100 nyingine kwenye petroli na dizeli. Kila ugonjwa wa nchi hii dawa yake ni lita.

Mtoa mada

Safari hii mafuta ya taa yaachwe.

Mkazi wa Kigamboni

Ukiyaacha yanakuwa bei rahisi, wajanja wanachakachulia dizeli. Ndiyo sababu waliyoitoa wenyewe kipindi kile. Na genereta ya saluni inamgonga nani? Mashine ya kusaga, boti ya mvuvi?

Muuguzi, Dodoma

Mnazungumzia magari sana. Njooni wodini muone wanaoletwa na PF3, fomu ya polisi, mkononi, wengi ni pikipiki: aliyepanda, aliyeendesha na aliyegongwa. Sijawahi kusikia ndugu wa mgonjwa akisema bima ya pikipiki imelipa. Ninachokiona ni wenzake wa kijiweni wanakuja na mfuko wa nailoni wenye noti za elfu mbili mbili, wanahesabia pale pale kwenye benchi, wanamkabidhi kaka wa mgonjwa, wanaomba yaishe kifamilia. Kaka naye anakubali, maana chuma cha mguu kinatakiwa kesho. Hiyo ndiyo bima inayofanya kazi hapa, na haijasajiliwa popote.

Kwa hiyo mtoa mada, mimi niko na wewe kwenye mafuta. Bodaboda hakwepi kujaza tenki.

Wakala wa bima, Mwanza

Naomba nisaidie mambo mawili ambayo watu wanayachanganya.

Kwanza, zile zama za stika feki zimepungua sana. Siku hizi stika ni ya kielektroniki, na yeyote akiingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, anaona kampuni, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Hata wewe abiria unaweza kabla hujapanda. Trafiki yule hakuhitaji hata kutazama kioo.

Pili, kwenye bima hakuna mali kauli, pesa kwanza ndipo stika itoke. Wateja wangu wengi si wakaidi. Bajaji inaleta hela ya kila siku, bosi anataka hesabu yake jioni, halafu mimi namdai ya mwaka mzima kwa mkupuo. Analipa mwaka wa kwanza kwa sababu gari limetoka bandarini. Wa pili anaanza kunikwepa, akiona simu yangu hapokei.

Ila mkiiweka kwenye mafuta, nani atashughulikia madai? EWURA, wasimamizi wa bei ya mafuta?

Mkenya, Nakuru

Salamu ndugu zangu wa Bongo. Huku tunakata hata ya mwezi mmoja, na Probox nyingi unazoziona barabarani zinaishi hivyo, mwezi kwa mwezi. Tarehe za mwisho wa mwezi trafiki anajua vizuri asimame wapi.

Lakini msije mkabebesha bima mzigo usio wake. Mswada wetu wa Fedha wa 2024 ulitaka kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isipungue 5,000 wala kuzidi 100,000, na ikusanywe na kampuni ya bima wakati unakata. Watu waliapa wataendesha bila bima kabisa. Kodi hiyo iliondolewa Juni, hata kabla mswada wenyewe haujaanguka. Ukishafanya bima ifanane na kodi, mtu anaitoroka kama kodi.

Mtanzania, Pretoria

Wazo la mtoa mada ndilo ninaloishi nalo hapa Afrika Kusini, basi niwape na uchungu wake. Hapa hakuna bima ndogo ya lazima, na askari haiulizi. Kila lita ina tozo ya Road Accident Fund, mfuko wa kuwafidia wa ajali, mwaka 2022 ilikuwa randi 2.18. Ukigongwa na gari likakimbia lisijulikane, bado unaweza kudai. Hilo kwenu halipo, na ni zuri kweli kweli.

Sasa upande wa pili. Mfuko una madeni ya mabilioni ya randi, umekuwa hivyo miaka nenda rudi, na sehemu nono ya fedha imekuwa ikiishia kwenye gharama za mawakili. Watu wanasubiri kulipwa hadi wanachoka. Na ile randi 2.18, kwa chenji ya wakati ule, ilikuwa kama shilingi 300 za kwetu. Mtoa mada anatuletea 90! Hiyo 90 umeipata kwa kugawa ada ya leo, ambayo inatosha kwa sababu waliogongwa hawadai. Siku muuguzi akianza kuwaandikia wagonjwa wake fomu za madai, uipige hesabu upya.

Mwanasheria

Ndugu wa Pretoria amegusa penyewe. Kwetu, aliyegongwa haendi kampuni ya bima akapewa pesa. Anamshtaki dereva na mwenye gari, anashinda, ndipo kampuni inabanwa kulipa ile hukumu, na ni lazima iwe imepewa taarifa ya kesi mapema. Hata ukitaka kumalizana nao nje ya mahakama, wataomba PF3, ramani ya ajali, ripoti ya mkaguzi wa magari, na mara nyingi matokeo ya kesi ya trafiki. Mjane wa Gairo anavifuatilia kwa nauli ya nani?

Mnabishana juu ya namna ya kukusanya. Kutoa ndiko kulikokwama.

Dereva wa lori, Tunduma

Mimi sikusoma sana ila nawashangaa. Nikivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, natakiwa niwe na kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvukia mpaka. Kama huna hupigwi faini, huvuki. Unaegesha, unaitafuta kadi, ukiipata unaondoka. Sijawahi kuona dereva akijadiliana na geti. Huku ndani mtu analipia ruhusa ya kuvunja sheria mpaka kituo kinachofuata.

Mtu wa Kimara

Mnamsumbua mwenye Vitz tu. Lini mliona STL, gari la serikali, imesimamishwa ikaulizwa bima?

Mtoa mada

Nimewasoma wote. Suala la mafuta sijaliacha, ila jibu la Pretoria ni zito, na sina mfuko wa kuonesha uliolikwepa deni hilo. Magari ya serikali yaanzishiwe uzi wake, tutachafuka.

Hoja ya Tunduma ndiyo naona inafanyika kesho bila kubadilisha nchi. Trafiki ameshaona kwenye simu kwamba gari halina bima. Mashine anayo. Namba ya malipo inatoka. Basi namba hiyo iwe ya bima badala ya faini! Dereva alipe pale pale, stika iingie kwenye mfumo, gari liondoke likiwa halali. Faini ibaki kwa anayekataa. Na aruhusiwe kulipa ya mwezi, kama Kenya, ili asiseme hana 118,000.

Wakala wa bima, Mwanza

Bima ya kampuni gani? Trafiki ndiye atakayechagua? Hapo utakuwa umefungua duka jipya la chai, mzee.

Mtoa mada

Dereva achague mwenyewe kwenye orodha, na trafiki asione amechagua ipi.

Mwanasheria

Na bima ihesabike kuanza dakika ya malipo, iandikwe na saa. Vinginevyo kila aliyegonga atakimbilia kulipa kabla askari hajafika kupima.

Dereva wa lori, Tunduma

Saa kumi na moja alfajiri mtandao ukiwa chini, abiria wanapiga kelele, salio liko kwa bosi na bosi amelala. Trafiki atalishikilia basi zima?

Muuguzi, Dodoma

Alishikilie. Bosi ataamka.