Unga wa kwao krua khao kutoka Thailand: joto limepungua, lakini damu imeanza tena

Mama Ilham

Wanajamvi habari za jioni. Nauliza kwa waliokaa Thailand au wanaojua dawa za kule.

Nina miaka 53, hedhi ilifunga, sasa ni zaidi ya miaka miwili. Kilichonisumbua ni joto. Usiku nafukuta mpaka natupa shuka, mchana niko na mteja dukani jasho linanitiririka usoni kama nimekimbizwa. Huwa naenda Bangkok kuchukua mzigo wa nguo pale Pratunam, safari hii tukapanda hadi Chiang Mai na mwenzangu kutazama vitambaa. Kwenye soko la Warorot mama mmoja muuza dawa aliniona najipepea ndani ya kiyoyozi, akacheka, akanionyesha unga mweupe. Binti yake anayejua Kiingereza akanieleza ni mzizi ambao Wathai wanauita "kwao krua khao", wa wanawake wa umri wangu, unarudisha ujana, ngozi, kila kitu. Nikachukua pakiti mbili. Mwenzangu akachukua tano.

Natumia kijiko cha chai asubuhi kwenye uji na kingine usiku. Sitadanganya, joto limekatika. Nalala. Ila matiti yanauma kama ya msichana anayeingia hedhi, na wiki hii nimeona damu. Si nyingi, lakini ipo. Zamani niliwahi kuambiwa nina uvimbe kwenye kizazi, mdogo, nikaambiwa ukifunga hedhi utanywea wenyewe.

Niendelee au niache? Na jingine: binti yangu wa miaka 19 ameona mtandaoni mzizi huu unakuza matiti, ananiomba kidogo. Nimpe?

Dawa Asilia Store

Dada hongera, dawa imekubali! Hiyo damu ni uchafu unatoka, kizazi kinajisafisha. Usiache katikati, utaharibu. Hiki ni chakula, mzizi wa asili, hauna kemikali yoyote. Mimi ninao wa kapsuli, mzigo mpya, wa binti pia upo na krimu yake. Njoo inbox.

Kaka wa Mawe

Mimi niko Chanthaburi, huku huku Thailand, nauza mawe ya vito pale sokoni Ijumaa mpaka Jumapili, kwa hiyo si mtaalamu. Ninachojua huku kuna mweupe, mwekundu na mweusi. Mwekundu ndio wa wanaume, wazee wa Kithai wanautia kwenye pombe. Wenyewe huwa wanatuambia usichanganye majina. Huyo wa hapo juu anayesema damu ni uchafu, mimi ningeogopa. Subirini Binti Sahare apite, huyo ni mfamasia na anaishi huko huko juu.

Binti Sahare

Nimepita. Mama Ilham, shikamoo. Jibu la haraka kwanza halafu ndiyo nieleze: acha unga leo, usisubiri pakiti iishe, na wiki hii hii nenda ukaonwe na daktari wa wanawake. Mwanamke aliyefunga hedhi zaidi ya mwaka akiona damu, hata tone, huchunguzwa. Awe ametumia mzizi au hakutumia. Mara nyingi hukutwa jambo dogo, lakini saratani ya mfuko wa uzazi nayo hujitangaza hivyo hivyo, na ikishikwa mapema hutibika. Binti usimpe.

Sasa maelezo. Mimi ni mtu wa Tanga, mume wangu ndiye aliyenileta Chiang Mai, na mzizi huu nauona kuanzia shambani mpaka kwenye rafu ya dawa. Kitaalamu unaitwa Pueraria mirifica. Ni mmea wa jamii ya kunde, unatambaa juu ya miti kwenye misitu ya kaskazini na magharibi ya Thailand, maua yake ya zambarau. Chini unaweka viazi vilivyofuatana kwenye mzizi mmoja, vingine vidogo, vingine vikubwa kuliko kichwa cha mtu. Wanavikatakata na kuvianika, na ukiviona sokoni utadhani ni makopa ya muhogo.

Wenye mji hawaufanyii mchezo. Mwaka 1931 Luang Anusarn Sunthorn, mfanyabiashara wa hapa Chiang Mai (soko la Anusarn la usiku mlilopita na mwenzako limebeba jina lake), alichapisha kijitabu kuhusu mzizi huu. Sifa zote unazosikia leo zimo mle: nywele, ngozi, nguvu za uzeeni. Lakini kipimo kilichoandikwa ni kidonge cha ukubwa wa punje ya pilipili manga kwa siku, na kimeandikwa wazi kwamba vijana wasile. Wauzaji wa mtandaoni wanakipenda sana kile kijitabu, ila ukurasa huo wanauruka.

Nina jirani, bibi wa miaka sabini na kitu, anayetengeneza vidonge hivyo nyumbani. Anachuja unga kwa kitambaa, anaukanda na asali mpaka ushikane, halafu anaviringisha kimoja kimoja kwa ncha ya vidole viwili kwenye sinia la bati. Kikizidi ukubwa anakivunja anaanza upya. Siku moja mpwa wangu aliyekuja kutembea, msichana wa chuo, alinyoosha mkono achukue kimoja aonje. Bibi alimpiga kofi la mkono, si la utani.

Sababu yake inajulikana vizuri maabara. Wanakemia wa Ujerumani walikitoa ndani ya mzizi huu kiini kinachoitwa miroestroli mwaka 1940, na mwaka 1960 muundo wake ukabainishwa. Mwaka 2000 watafiti wakakitoa na ndugu yake, deoksimiroestroli, ambaye ana nguvu zaidi. Hivi vinafanya kazi mwilini kama estrojeni, ile homoni ya kike iliyopungua kwako hedhi ilipofunga. Soya nayo ina vitu vya namna hiyo, lakini vya mzizi huu ni vikali kuliko vya soya kwa mbali. Kwa hiyo anayekuambia "ni chakula tu" na wakati huo huo anakuambia unakuza matiti na kurudisha ujana, muulize chakula gani kinafanya hivyo.

Joto lako limekatika kwa sababu umekula kitu cha homoni. Matiti yanauma kwa sababu hiyo hiyo. Na damu ni hivi: estrojeni hujenga utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Mwanamke anayeona hedhi ana projesteroni, homoni nyingine ya kike, ya kuudhibiti na kuuangusha kila mwezi. Wewe huna tena, kwa hiyo utando unajengwa tu, unanenepa, mwisho unameguka vipande na damu inatoka. Ndiyo maana daktari akimpa estrojeni mwanamke ambaye bado ana kizazi, humwandikia na projesteroni pamoja. Kwenye pakiti yako hamna projesteroni. Na ule uvimbe ulioambiwa utanywea, hulishwa na estrojeni. Umeurudishia chakula ulichonyimwa.

Kipimo sasa, maana hapa ndipo nilipokunja uso. Nimechukua mzizi uliosagwa laini, nikaupima kwenye mizani ya jikoni: kijiko cha chai, kisawasawa bila kilima, ni gramu mbili na ushee. Miligramu elfu mbili. Wewe unakula viwili kwa siku, elfu nne. Mamlaka ya chakula na dawa ya Thailand imeweka kikomo cha miligramu 100 kwa siku. Uko mara arobaini juu ya kikomo, na mama wa Warorot hakukupa kijiko wala karatasi.

Na hata hizo 100 si za kila mtu. Majaribio yaliyofanywa hospitalini hapa Thailand yapo, na sitayadharau. Yaliyochapishwa 2004 walitumia miligramu 50 na 100 kwa siku kwa miezi sita, joto na jasho la usiku vikapungua. Lakini ni wanawake 37 tu waliochambuliwa, na hakukuwa na kundi lililopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa, la kulinganisha nalo. Mwaka 2007 ukatoka utafiti mwingine wa wanawake 71, miligramu 20 mpaka 50, huo ulikuwa na kundi la kidonge kitupu, na ukavu ukeni ulipungua kwa waliopata mzizi. Hizo ni dozi ndogo, za kapsuli zilizopimwa, wanawake waliochujwa kabla, na madaktari wanawapiga picha kizazi. Unga wa sokoni hujui umechimbwa wapi wala msimu gani, na nguvu ya mzizi hubadilika kwa mahali na msimu. Wakati mwingine hata si wenyewe. Kikishasagwa, kiazi cheupe ni kiazi cheupe.

Wasiuguse kabisa: mjamzito, anayenyonyesha, aliyewahi kuugua saratani ya matiti au ya kizazi, mwenye uvimbe kwenye kizazi, aliyewahi kugandiwa damu mguuni au kwenye mapafu, na anayetokwa na damu isiyoelezeka. Wewe una mambo mawili humo.

Kuhusu binti. Japani ndiko mzizi huu ulikouzwa sana kwa wasichana wanaotaka matiti makubwa. Mwaka 2017 serikali yao ilitoa tahadhari baada ya malalamiko zaidi ya 200 ndani ya miaka kama mitano, mengi ya hedhi kuvurugika na damu kutoka bila mpango. Tangu 2020 umewekwa kwenye orodha fupi ya viambato vya kuangaliwa kwa karibu, mtengenezaji akipata taarifa ya madhara lazima airipoti. Nyani waliolishwa mzizi huu kwenye maabara za hapa hedhi zao zilichelewa. Msichana wa miaka 19 ana homoni zake kamili, haongezewi.

Kaka wa Mawe, ahsante kwa salamu. Mwekundu ni mmea mwingine kabisa, Butea superba, si Pueraria. Na vidonge vya nguvu za kiume vinavyoitwa vya mitishamba, popote pale, vimekamatwa mara nyingi vikiwa vimetiwa sildenafili, ile dawa ya Viagra, kimyakimya. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayekunywa dawa za nitrati, zile za maumivu ya kifua, asijaribu.

Dawa Asilia Store

Wasomi mmezoea kutisha watu. Wathai wanatumia miaka mia na zaidi, mbona hawafi? Kampuni za dawa ndizo hazitaki.

Binti Sahare

Wathai wanatumia punje ya pilipili, wewe unauza kapsuli ambayo hujaandika ina miligramu ngapi. Iandike hapa tuisome wote. Na serikali yao yenyewe iliuweka kwenye sheria ya mitishamba inayodhibitiwa mwaka 2006, maana uliingia umaarufu watu wakavamia misitu na majembe. Nchi haitungi sheria kwa ajili ya uji.

Mama Ilham

Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Nimeshaufunga mfuko. Nina maswali, unisamehe. Daktari nimwambieje, maana ukitaja mitishamba wengine wanakufokea? Joto likirudi nifanyeje, ndilo linaloniua? Na krimu ya mzizi huo huo, ile ya kupaka, nayo mbaya? Mwenzangu alichukua zile tano amewapa mpaka wifi zake.

Binti Sahare

Mama, mwambie kila kitu, afoke akimaliza aandike. Nenda na pakiti yenyewe mkononi. Mwambie umekula kijiko mara mbili kwa siku tangu lini, na taja ule uvimbe wa zamani. Atakupima kwa altrasaundi aone unene wa utando na hali ya uvimbe. Akiona utando umenenepa anaweza kutaka kuchukua kipande kidogo kikapimwe. Usikimbie hapo, ndicho kipimo chenyewe.

Joto likirudi, na litarudi, kuna njia. Kuna dawa za homoni zilizopimwa ambazo daktari anaweza kukupa akishajua damu ilitoka wapi, na zipo zisizo za homoni kwa wasioruhusiwa. Usiku vaa pamba tupu, feni miguuni, chai ya moto na pilipili visogeze mbali na saa ya kulala. Haimalizi, inapunguza.

Ya kupaka inategemea unapaka wapi. Kuna utafiti wa 2017 wa jeli ya mzizi huu kwa ukavu ukeni, walioilinganisha na krimu ya estrojeni ya hospitali: jeli ilisaidia, krimu ya hospitali ikasaidia zaidi. Sasa kama ya hospitali ni bora na imepimwa, kwa nini uhangaike na ya mtandaoni? Za uso na matiti mimi sizipi hela yangu. Na wewe kwa sasa usipake chochote cha mzizi huu mpaka damu ipate maelezo.

Mwenzako mpigie simu leo. Wifi zake waulizwe umri, kama kuna anayetafuta mtoto au anayenyonyesha, na kama kuna aliyewahi kutolewa uvimbe titini. Huyo ndiye wa kwanza kuacha.

Mama Ilham

Nimempigia. Mmoja ananyonyesha, amesema ameuweka pembeni. Mimi nimepata nafasi ya altrasaundi Jumatano asubuhi. Binti nimemwambia, amenuna.

Binti Sahare

Anune tu. Jumatano uliza kabla kama wanapima kwa juu ya tumbo. Kama ndiyo, kunywa maji mengi saa moja kabla na usiende haja ndogo, kibofu kikijaa kizazi kinaonekana vizuri. Kama wanapima kwa chini, hapo unatakiwa kibofu kitupu. Ukipata majibu, yaandike hapa kama yalivyo, hata yale maneno usiyoyaelewa.