Takwimu za polisi, madodoso ya waathirika, magereza au majarida: utegemee kipi kwenye utafiti wa haki jinai?

Mizani (mwanzisha mada)

Wakuu, swali la "chanzo kipi ni cha kuaminika" linarudi kila mara, na majibu huishia kwenye orodha ya tovuti. Naweka ulinganisho hapa, wenye ujuzi zaidi mrekebishe.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Kesi ina safari: tukio, taarifa kituoni, kukamatwa, mashtaka, hukumu, gereza. Kila kituo watu wanadondoka njiani. Takwimu yoyote utakayoishika ilihesabiwa kwenye kituo kimojawapo, na inaaminika kwa maswali ya kituo hicho tu.

Takwimu za polisi: zinafaa kwa makosa ambayo hayafichiki. Mauaji ni mfano mmoja, wizi wa gari ni mwingine, kwa sababu kampuni ya bima inadai taarifa ya polisi kabla ya kulipa. Kwa ubakaji, ukatili wa nyumbani na rushwa zinakuonyesha utayari wa watu kuripoti kuliko uhalifu wenyewe.

Madodoso ya waathirika: watu wanaulizwa nyumbani kwao kama wametendewa uhalifu, wawe waliripoti au la. Dodoso la Marekani, NCVS, lilianza miaka ya mwanzo ya 1970, la England na Wales lilianza 1982. Haya ndiyo yanayofunua kile polisi hawakukisikia.

Takwimu za magereza: World Prison Brief, hifadhidata ya mtandaoni ya magereza ya dunia, ndiyo njia ya haraka ya kupata idadi ya wafungwa wa nchi, kiwango kwa kila watu 100,000, na asilimia ya mahabusu.

Majarida na mapitio ya tafiti: kwa maswali ya "je, mpango huu unapunguza uhalifu?"

Karibuni.

Jalada_Wazi

Mkuu Mizani, umeanza vizuri, ila kwa takwimu za polisi umewahurumia. Tatizo la kuripoti ni nusu tu. Nusu nyingine ni kanuni ya kuhesabu, na hapo ndipo tafiti nyingi zinapovunjika bila mwandishi kujua.

Chukua tukio moja. Mtu anavunja nyumba usiku, anachukua simu na televisheni, mwenye nyumba anaamka, anapigwa na kuumizwa. Hayo ni makosa mangapi? Kwenye mfumo wa zamani wa FBI, wa kujumlisha, lilikuwa moja: kosa zito kuliko yote ndilo lililoandikwa, mengine yakafutika. Kwenye mfumo mpya, NIBRS, tukio moja linaweza kubeba hadi makosa 10. Tukio ni lilelile, jedwali ni jingine kabisa.

FBI walihamia NIBRS kikamilifu Januari 2021, na mwaka huo idara nyingi hazikuwa tayari. Polisi wa New York na wa Los Angeles hawakuwasilisha takwimu za mwaka mzima. Kwa hiyo ukichora mstari wa 2019 hadi 2021 kutoka jedwali la kitaifa bila kuangalia ni idara ngapi zilizotuma data, unachora mahudhurio ya idara na kuyaita uhalifu.

Sweden nayo hutajwa sana kwenye mijadala ya ubakaji. Polisi wa huko huhesabu kila tendo peke yake: mtu aliyemtendea mwenzi wake mara nyingi anaingia kwenye rejesta mara nyingi, tangu siku ya taarifa. Nchi nyingine ingeandika kesi moja. Juu ya hapo, tafsiri ya kosa kisheria ni pana. Kuweka Sweden na nchi isiyohesabu hivyo kwenye grafu moja ni kosa la kitaalamu, si suala la maoni.

Na mwaka 2014 mamlaka ya takwimu ya Uingereza iliziondolea takwimu za polisi za England na Wales hadhi ya Takwimu za Taifa, baada ya kubainika kuwa uandikishaji wa makosa haukuwa wa kutegemewa. Zilikuwa bado ni takwimu rasmi. Rasmi na sahihi ni vitu viwili.

Bi_Sampuli

Naongezea upande wa madodoso, maana nayo watu huyabeba kama msahafu.

Angalieni nani hayumo. NCVS inahoji walio na umri wa miaka 12 na kuendelea, wanaoishi kwenye kaya. Asiye na makazi hayumo, aliye gerezani hayumo. Hao ni miongoni mwa watu wanaotendewa uhalifu mara nyingi zaidi. Mauaji hayamo kabisa, kwa sababu iliyo wazi.

Pili, kumbukumbu. Mtu anaulizwa kuhusu miezi sita iliyopita, naye anaingiza tukio la miezi tisa iliyopita kwa sababu lilimuuma na bado analiona karibu. Ndiyo maana NCVS huirudia kaya ileile kila miezi sita kwa muda wa miaka mitatu na nusu, ili mahojiano yaliyotangulia yaweke mpaka wa muda. Dodoso la mara moja halina mpaka huo, hivyo tarajia idadi iliyovimba.

Tatu, na hili ni zito: waathirika wa kujirudia. Dodoso la England na Wales kwa miaka mingi lilikata hesabu kwenye matukio 5 ya kosa la aina moja lililomrudia mtu mmoja, ili watu wachache wasiyumbishe makadirio ya mwaka. Mwanamke aliyepigwa na mumewe mara 40 alihesabiwa mara 5. Kanuni ilibadilishwa 2019. Anayechunguza ukatili wa nyumbani kwa takwimu za kabla ya hapo, asome maelezo ya mbinu kabla hajagusa jedwali.

Mwisho: kosa likiwa adimu, sampuli inabaki na watu wachache mno. Usinukuu asilimia bila kuangalia mipaka ya makosa ya makadirio, yaani kati ya wapi na wapi tarakimu halisi inaweza kuwa. Mipaka ya miaka miwili ikiingiliana sana, usiandike "imepanda".

Korido_C

Magereza. Idadi ya World Prison Brief ni picha ya siku moja, na siku hiyo huwaficha wenye vifungo vifupi. Pigeni hesabu hii: gereza lina wafungwa 10 wa maisha, na mwaka mzima linapokea watu 520 wa kifungo cha wiki moja moja. Wiki 520 ni sawa na vitanda 10 kwa mwaka. Siku ya kuhesabu utakuta 10 wa maisha na 10 wa wiki moja, utaandika "nusu ya wafungwa ni wa maisha". Waliopita mlangoni mwaka huo wakawa 520. Swali lako likiwa ni msongamano, tumia picha ya siku. Likiwa ni nani anayefungwa na kwa kosa gani, tafuta takwimu za wanaoingia.

Kuhusu kurudia uhalifu: usilinganishe kabla ya kujua kipimo ni kukamatwa tena, kutiwa hatiani tena au kurudi gerezani, na ni kwa miaka mingapi. Ofisi ya takwimu za haki ya Marekani ilifuatilia walioachiwa 2005 katika majimbo 30: 68% walikamatwa tena ndani ya miaka 3, 83% ndani ya miaka 9. Kundi ni lilelile, tarakimu mbili, zote sahihi.

Msomaji_Makini

Shukrani wakuu. Nikitaka kulinganisha mauaji kati ya nchi mbili, nianzie wapi?

Jalada_Wazi

Ndugu, mauaji ndiyo kosa linalolinganishika kuliko yote, ila fuata utaratibu.

Anza na tovuti ya data ya UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, kwenye mauaji ya kukusudia. Usipakue tarakimu tu, pakua na safu ya chanzo: itakuambia kama ni ya polisi au ya sekta ya afya. Usichanganye hizo mbili kwenye mstari mmoja.

Kisha linganisha na vyeti vya vifo kwenye data ya WHO. Katika ICD-10, orodha ya WHO ya misimbo ya magonjwa na visababishi vya vifo, mashambulizi yako kati ya X85 na Y09. Tazama pia Y10 hadi Y34, vifo ambavyo kusudio halikujulikana. Fungu hilo likiwa kubwa, kuna mauaji yamelala humo.

Baada ya hapo soma tafsiri. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha ICCS, uainishaji wa pamoja wa makosa. Nchi isiyoufuata inaweza kuwa inajumlisha majaribio ya kuua na mauaji yenyewe.

Nchi ikiwa ndogo, tumia wastani wa miaka kadhaa. Penye watu 50,000, kifo kimoja kinasogeza kiwango kwa 2 kwa kila 100,000.

rafu_ya_juu

Upande wa majarida, mpangilio wangu ni huu. Kwa swali la ufanisi wa mpango, anza na mapitio ya kimfumo (yanayokusanya na kupima tafiti zote za swali moja) ya Campbell Collaboration, mtandao wa kimataifa wa watafiti, kabla ya makala moja moja. Mfano unaotosha: mipango ya kuwapeleka vijana gerezani ili watishike. Ilisifiwa sana, lakini mapitio ya Campbell, yaliyotumia majaribio yenye makundi yaliyopangwa kwa bahati nasibu, yalionyesha kuwa inaongeza uhalifu. Ukiishia kwenye simulizi za walioiendesha, utapendekeza kitu kinachoumiza watoto.

Data ghafi: NACJD, hifadhi ya data za haki jinai iliyo chini ya ICPSR, hifadhi ya data za sayansi ya jamii ya Chuo Kikuu cha Michigan. Sehemu kubwa ni bure, na kila seti ina kitabu cha vigezo kinachoeleza maana ya kila safu. Makala zisizo na ukuta wa malipo: CrimRxiv.

Jarida usilolijua, litafute DOAJ, orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa. ISSN (namba ya utambulisho wa jarida) peke yake haithibitishi ubora, hata majarida ya kitapeli yanayo. Kabla ya kunukuu, pitisha DOI (namba ya kudumu ya makala) kwenye hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizoondolewa na majarida. Makala kadhaa za kriminolojia ziliondolewa 2019 na 2020, na makala iliyoondolewa huendelea kunukuliwa.

Kwa kesi za mahakama, fungua hukumu yenyewe na usome aya unayoinukuu. Programu za akili unde hutunga majina ya kesi na namba zake kwa ufasaha kabisa. Mwaka 2023 huko New York mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi ambazo hazikuwahi kuwepo.

Mizani

Nimesahihishwa vema, hasa la kanuni ya kuhesabu. Naongeza moja dogo: takwimu hizi hurekebishwa kimyakimya baada ya kuchapishwa. Siku unapopakua faili, weka tarehe kwenye jina lake, hifadhi na ukurasa wa tanbihi, kisha uusukume ukurasa huo Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za kurasa. Mhakiki akifungua kiungo chako mwaka mmoja baadaye na kukuta tarakimu nyingine, uwe na cha kumwonyesha.