Swingi ya mazoezi ni safi, ya mpira inaharibika: nifuate utaratibu gani kabla ya kupiga?

Mpenda Aini
Ndugu wachezaji, nimecheza gofu hapa Nairobi kwa miaka mitatu na hendikapu yangu (idadi ya mipigo ninayopunguziwa kulingana na kiwango changu) imekwama kwenye 24. Nikisimama kando ya mpira na kupiga swingi mbili tatu za mazoezi, yaani kuzungusha fimbo bila kuugusa mpira, mabega huzunguka vizuri na humaliza nikiwa imara juu ya mguu wa kushoto. Lakini nikishausogelea mpira wenyewe, mikono hukaza na mpira huchepukia kulia, mitini. Ajabu ni kwamba kwenye uwanja wa mazoezi hupiga mipira 80 kwa aini (fimbo ya chuma) namba 7 na mingi huenda sawa. Nifanye nini kabla ya kila mpigo?

Kedi wa Zamani
Ndugu yangu, nimebeba mifuko ya wachezaji kwa miaka mingi na ugonjwa huo nimeuona kwa wengi. Swingi ya mazoezi haina shimo, haina maji wala mtu wa kuicheka, ndiyo maana hutoka laini. Tena wengi huipiga bila kutazama wanakotaka mpira uende, kwa hiyo huwa ni kunyoosha viungo tu.

Anzia nyuma ya mpira, ukiitazama shabaha, na uchague fimbo ukiwa hapo hapo. Jack Nicklaus, aliyeshinda mashindano makuu 18, alikuwa na desturi ya kuchagua alama ndogo mbele kidogo ya mpira, kwenye mstari wa shabaha, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuelekeza uso wa fimbo kwenye jani kavu lililo karibu kuliko kwenye bendera iliyo mita 140. Kisha piga swingi moja tu, kwa kasi ileile utakayoitumia, huku ukisikiliza fimbo inavyofagia nyasi. Baada ya hapo ingia: uso wa fimbo kwanza, miguu baadaye, tazama shabaha mara moja, toa pumzi, piga. Usikae juu ya mpira, maana kadiri unavyokaa ndivyo vidole vinavyoibana fimbo, na nadhani hapo ndipo unapoharibikiwa wewe.

Hiyo mipira 80 ipunguze iwe 30, na kila mmoja uuanzie nyuma, ukibadilisha fimbo na shabaha kila mara. Katika mashindano hakuna anayepewa mpira wa pili wa aini ileile, mahali palepale, ili asahihishe wa kwanza (kwa marafiki, hayo ni mambo mengine).

Mshika Kanuni
Nakubaliana na mzee wetu, ila nitaongeza tahadhari. Kanuni zilizoanza kutumika 2019 zinapendekeza mchezaji apige ndani ya sekunde 40 tangu anapoweza kucheza bila kizuizi, hivyo utaratibu mrefu utawachosha wenzako. Kwenye shimo la mchanga, swingi ya mazoezi isiguse mchanga. Usilaze fimbo chini ikuonyeshe mwelekeo kisha ukasimama kwa kuifuata, kwa sababu adhabu yake ni mipigo miwili, na hata ukiiondoa kabla ya kupiga, adhabu inabaki. Kwenye uwanja wa mazoezi, bila shaka, ilaze upendavyo.

Mpenda Aini
Ahsanteni sana. Jana jioni nilipiga mipira 30 kama mlivyoelekeza na nilichoka kuliko nilivyochoka kwa ile 80, jambo ambalo sikulitarajia. Swali la mwisho, mzee: kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, nako niiangalie nyasi au shimo wakati wa swingi ya mazoezi?

Kedi wa Zamani
Shimo. Simama kando ya mpira na upeleke pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, mbele na nyuma macho yakiwa shimoni, kama mtu anayetaka kurusha chungwa huku mkono ukitokea chini, mpaka mkono ukubali umbali huo. Halafu usogee na upige kabla mkono haujasahau.