Kwa nini oksijeni ni O2, lakini argoni ni Ar peke yake?

Himbi_Sita (Goma): Wakubwa, naomba mwanga. Hidrojeni, nitrojeni, oksijeni, florini na klorini zinaandikwa na 2 chini. Argoni na heliamu hapana, na zote ni gesi. Halafu salfa, iliyo chini ya oksijeni kwenye jedwali la elementi, ni S8! Nakariri tu.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu): Mdogo wangu, achana na "atomi inapenda mwenzake". Tazama nishati: kadiri inavyotoka nyingi atomi zinapofungana, ndivyo kifungo kilivyo imara. Atomi za hidrojeni zikishirikiana elektroni, kila moli (idadi maalumu ya chembe, kama dazeni lakini kubwa mno) ya H2 inayoundwa hutoa kilojuli 436 za nishati. Atomi ya tatu haipati nafasi, maana mzingo wa kwanza hujaa kwa elektroni 2. Nitrojeni hushirikiana jozi tatu za elektroni: kilojuli 945, ndiyo maana N2 ni ngumu kuvunja. Argoni ina elektroni 8 nje tayari, haina cha kushirikiana.

Salfa ndiyo tamu. Oksijeni ina njia mbili: kifungo cha jozi mbili na jirani mmoja (kilojuli 498), au vifungo vya jozi moja na majirani wawili (kama 146 mara 2, yaani 292). Ya kwanza inashinda mbali. Kwa salfa ni kinyume: 425 dhidi ya kama 266 mara 2, yaani 532. Atomi yake ni kubwa, kwa hiyo jozi ya pili, inayokutana ubavuni, inashikana kidogo tu. Basi zinajifunga pete ya nane, unga wa njano.

Himbi_Sita: Nimeshika, mwalimu. Lakini walijuaje ni mbili, na atomi hazionekani?

Mwalimu_Kadutu: Kwa ujazo. Juu ya nyuzi 100, lita 2 za hidrojeni na lita 1 ya oksijeni hutoa lita 2 za mvuke. Mwanasayansi Mwitaliano Avogadro alisema mwaka 1811 kwamba ujazo sawa wa gesi, kwa joto na mgandamizo uleule, una molekuli sawa kwa idadi. Kwa hiyo molekuli moja ya oksijeni imegawanyika ikaingia kwenye mbili za maji. Ingekuwa atomi moja, ingegawanyikaje?

Sudere_Katuba (Lubumbashi): Kwetu kwenye kuchomelea, hiyo 2 inaonekana kwenye mzani. Chupa ya gesi ya lita 50, mgandamizo bar 200, nyuzi 20, kwa hesabu rahisi ya gesi ina moli kama 410. Zidisha kwa gramu 32, uzito wa moli moja ya O2: oksijeni kama kilo 13. Mwanafunzi akitumia 16, ya atomi moja moja, anapata kilo 6 na nusu, mzani unamkatalia. Argoni ni gramu 40 kwa moli bila kuzidisha kwa mbili, kama kilo 16 na kidogo. Toa kwanza uzito wa chupa tupu, umegongwa begani mwake. Na valvu ya oksijeni usiipake grisi hata tone, inawaka.