Naomba ushauri: nimewaalika wageni wa heshima katika mkahawa wa Kichina Kisumu, niwaagizie nini?

Kijana wa Nyalenda

Hamjambo ndugu zangu. Nina wageni wanane, wazee kwa vijana, ambao nimewaandalia chakula cha mchana katika mkahawa mmoja wa Kichina hapa mjini, si mbali na Barabara ya Oginga Odinga. Nimewahi kula pale na wenzangu wa kazini, ila siku zote alikuwapo mtu mwingine wa kuagiza, nami nilikula tu kilichofika mbele yangu. Sasa menyu iko mikononi mwangu, ina kurasa nyingi za picha, na kila usiku naipitia kwenye simu hadi usingizi unanipaa. Naomba kujua mambo mawili: niagize sahani za kuwekwa katikati ya meza au kila mtu achague yake? Na je, ni utovu wa adabu kuomba uma na vijiko, au wazee waachiwe vijiti wahangaike navyo? Tafadhali nisaidieni, siku imekaribia.

Mama Tambi

Mwanangu, agiza sahani za katikati. Hivyo ndivyo chakula hicho kilivyokusudiwa kuliwa: wali au tambi kwa kila mtu, na vitoweo vyote juu ya ile meza ya mviringo yenye kioo kinachozunguka. Kwa watu wanane, vitoweo sita au saba na supu moja vinatosha, kwa sababu sahani za huku kwetu hujazwa kuliko za Nairobi. Usishangae supu ikifika mwisho na mboga zikitangulia, kwani kila kitu hutoka jikoni pindi kinapoiva karaini, na anayengoja vyote vikamilike ndipo aombee atakula vya baridi. Mwambie mzee aombe mapema. Kuhusu uma, omba bila wasiwasi wowote. Mhudumu huwa anao tayari.

Shemeji wa Kakamega

Kwangu vijiti havikuwa shida hata kidogo, shida ilikuwa kuku. Nilimpeleka baba mkwe katika mkahawa wa aina hiyo, nikaagiza kuku mzima ili nionekane mkwe mwenye mkono mkunjufu. Kuku akaletwa amekatwakatwa kwa shoka la jikoni pamoja na mifupa yake, vipande vidogo vya kutia mdomoni mara moja, na kila kipande kina kifupa chenye ncha kali. Mzee akaigeuzageuza sahani kwa uma, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, mbele ya watu wote, imondo, yaani firigisi, fungu la mzee, iko wapi. Nikamwita mhudumu, mhudumu akamwita mpishi, mpishi akatoka jikoni na kopo la firigisi mbichi akiuliza kama tunataka zikaangwe na pilipili. Zilipoletwa zilikuwa nyingi, za kuku zaidi ya kumi, na mpaka leo mzee hukisimulia kisa hicho kila tunapokutana msibani au harusini. Kwa hiyo ushauri wangu ni samaki. Huletwa mzima, na desturi ya Wachina ni kukielekeza kichwa chake kwa mgeni mkubwa, jambo ambalo hakuna mzee wa huku atakayelikataa.

Karani Mstaafu

Nyote mmejibu kuhusu chakula na hakuna aliyegusa bili. Kabla ya kuagiza chochote, kijana aulize kama bei zilizoandikwa zimejumuisha VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, na kama kuna nyongeza ya huduma juu yake. Mimi niliwahi kufanyiwa hesabu ya kichwa nikiamini elfu nane, nikaletewa risiti iliyopita elfu kumi, na ndani yake mlikuwa na karanga na chai ambazo hatukuziagiza bali ziliwekwa tu mezani tulipoketi. Ukiwekewa kitu usichokiagiza, uliza ni bure au ni cha kulipia. Tena tusisahau historia: mwaka 2015 kulikuwa na mkahawa mmoja wa Kichina jijini Nairobi uliofungwa baada ya kuripotiwa kuwa ulikuwa ukiwazuia wateja Waafrika kuingia jioni. Mteja wa Kenya asiingie mahali akiomba kama mtu anayesaidiwa. Aingie kama mtu anayelipa.

Zuhura wa Kaloleni

Kijana, hao wageni ni akina nani, na kuna wasichokula? Hilo ndilo swali la kwanza la mtu yeyote anayewaagizia wenzake, na naona umelipita kimya kimya.

Kijana wa Nyalenda

Dada Zuhura, ni watu wa kawaida tu, wanakula vizuri. Nimekwisha kuchagua: vile vitumbua vya unga vilivyojazwa nyama na kupikwa kwa mvuke, kamba wa kitunguu saumu, tofu (ile jibini ya soya) ya pilipili ya Sichuan, brokoli kwa sosi ya chaza, na samaki mzima kama alivyosema Shemeji. Nimelipa nusu ya bei kwa M-Pesa, nikahifadhiwa chumba cha ndani cha Jumamosi saa saba na nusu. Kilichobaki ni vijiti na uma tu.

Zuhura wa Kaloleni

Mtu aliyelipa nusu haombi ushauri, anaomba kupigiwa makofi. Nauliza tena. Vitumbua vya mvuke katika mikahawa hiyo mara nyingi hujazwa nyama ya nguruwe, na tofu ya Sichuan huwekwa nyama ya kusaga ambayo huenda ikawa ya ng'ombe au ya nguruwe. Wageni wako wanakula nguruwe au hawali?

Kijana wa Nyalenda

Hawali. Ni wazazi na wajomba wa mchumba wangu, na wao ni Wasabato. Lakini mchumba wangu anasema baba yake si mtu wa kuchunguza sahani, na mimi sioni kama kila kilichomo kwenye mchuzi lazima kitangazwe mezani. Vitumbua naweza kuviondoa. Chumba siwezi kukiacha, maana Jumapili kimechukuliwa na watu wengine.

Shemasi wa Nyamira

Nimesoma mara mbili ili nihakikishe sikukosea. Wasabato, Jumamosi, saa saba na nusu, mkahawani? Ndugu yangu, Sabato huanza Ijumaa jua linapozama na kumalizika Jumamosi jua linapozama. Chakula cha siku hiyo hupikwa Ijumaa, na familia inayoshika imani haiketi hotelini kununua na kuuza. Nguruwe ni sehemu ndogo ya tatizo lako. Someni Mambo ya Walawi, sura ya 11: kila cha majini kisicho na mapezi na magamba kimekatazwa, hivyo kamba ameanguka, chaza ameanguka na sosi yake, na huyo samaki mzima unayejivunia, ukiletewa mumi asiye na magamba badala ya ngege mwenye magamba, naye ameanguka. Katika karamu yako yote, mzee atabaki na wali.

Fundi Mabati

Na wali wenyewe uwe mweupe, maana ule wa kukaanga nao huchanganywa na kamba. Mzee wa watu atakula wali mkavu huku kioo kikimzungushia dhambi mbele ya macho yake.

Mama Tambi

Jamani, tusimkaange kijana kabla ya Jumamosi. Upishi unarekebishika. Mikahawa mingi ina sosi ya uyoga inayofanana na ile ya chaza, na brokoli ikipikwa kwa kitunguu saumu na chumvi tupu haipungukiwi na kitu. Aombe pia nyama isitiwe ule mvinyo wa mchele unaotumika kuondoa harufu, kwa sababu wengi hawajui kwamba umo. Lakini ajifunze kuuliza. Ukimwuliza mhudumu, "Je, hiki kina nguruwe?", atakujibu hapana kwa kuwa haoni kipande cha nguruwe. Mwulize kimekaangwa kwa mafuta gani, mchuzi umekolezwa na nini, na karai lililotumika limetoka kupika nini. Mimi niliwahi kusaidia jikoni katika kambi ya mkandarasi wa Kichina wa barabara, na karai lilisuguliwa kwa ufagio wa mianzi na maji ya moto, bila sabuni, kisha chakula kinachofuata kikamwagwa humo humo. Lilikuwa safi kwa macho. Kwa imani ya mtu, sijui.

Mchunguzi

Nimekaa kimya, sasa nitasema. Uzi huu ni wa kubuni, na pengine ni tangazo. Tazameni: mtu anayedai hajui kuagiza ametutajia menyu kwa ufasaha wa mwenye duka, chumba cha ndani, samaki mzima. Kisha familia nzima ya Wasabato inakubali mwaliko wa mkahawani siku ya Sabato bila hata mmoja kuuliza! Mimi nimeishi Kisii na Nyamira miaka mingi. Mwaliko kama huo ungekufa siku ile ile uliotamkwa. Ama wageni hao hawapo, ama mwandishi anatupima akili.

Karani Mstaafu

Hata mimi nilianza kuona harufu. Mara mkahawa "si mbali na" barabara fulani, mara hatutajiwi jina. Matangazo ya siku hizi huja kwa mlango wa nyuma.

Fundi Mabati

Kama ni tangazo, basi mwenye mkahawa anadaiwa pesa zake. Tangazo gani hili linalotueleza kwamba karai halioshwi kwa sabuni na karanga za bure ni za kulipia?

Kijana wa Nyalenda

Sijabuni kitu, na jina la mkahawa sikulitaja kwa sababu sitaki kesi. Mchunguzi anauliza kwa nini walikubali. Walikubali kwa sababu wanakuja Kisumu kwa makambi ya kanisa, wanarudi kwao Jumapili alfajiri, na hawajui kwamba ni mkahawani. Mchumba wangu aliwaambia kwamba baada ya ibada watapita kwangu kula chakula kilichokwisha kuandaliwa. Mimi ninaishi katika chumba kimoja, Nyalenda, choo ni cha pamoja na majirani, na mvua ikinyesha njia inakuwa tope tupu. Wajomba wanne na mama mkwe niwaketishe wapi, juu ya kitanda? Nilifikiri tungewachukua kwa gari kutoka ibadani, tukashuka mlangoni, na kwa kuwa bili ingekuwa imelipwa yote kabla ya Ijumaa jioni, hakuna ambaye angeona pesa ikitolewa. Hapo kosa liko wapi? Sikuwaambia wavunje Sabato.

Zuhura wa Kaloleni

Kumbe jambo lilikuwa hilo, nawe unatuuliza habari za vijiti.

Shemasi wa Nyamira

Kijana, sasa nakuamini, na ndiyo maana nitakuwa mkali. Kulipa mapema hakumbadilishi mpishi anayefanya kazi kwa ajili yako siku hiyo, na wapo wazee watakaoliona hilo kabla hawajavuta kiti. Baba mkwe anaweza kusamehe chumba kimoja. Amewahi kuishi katika chumba kimoja, kama sisi sote. Kushushwa mlangoni pa mkahawa baada ya kuambiwa anaenda nyumbani kwako, hilo atalibeba mpaka siku ya mahari. Ukitaka kuwakirimu Jumamosi hiyo hiyo, subiri jua lizame. Hapa Kisumu huwa limezama kabla ya saa moja jioni. Saa moja na nusu Sabato imekwisha na wanaweza kula popote palipo na chakula kinachowafaa.

Shemeji wa Kakamega

Na asubuhi au mchana wapitishe kwako dakika chache tu wanywe maji. Mzee akishaona unapolala, hatakuwa na la kuuliza jioni isipokuwa imondo.

Mchunguzi

Simulizi limenyooka ghafla mno kwa ladha yangu. Aweke hapa picha ya risiti ya M-Pesa, afiche jina na nambari, nami nitanyamaza.

Kijana wa Nyalenda

Sitaweka risiti yoyote, wewe si mamlaka ya kodi. Nimepiga simu mkahawani sasa hivi. Msimamizi amekubali kunisogeza hadi saa moja na nusu jioni kwa malipo yale yale, vitumbua na kamba vimeondolewa, tofu itapikwa bila nyama, samaki atakuwa ngege, na brokoli haitatiwa sosi ya chaza. Nilipomwuliza kuhusu karai alicheka, kisha akasema watatenga moja na kulisugua kwa sabuni nikiwa nimesimama pale pale, mradi nifike saa moja kasoro. Nitafika. Kuhusu chumba changu, bado naona si lazima wakione mwaka huu.

Zuhura wa Kaloleni

Na wakwe wataambiwa lini kwamba wanaenda mkahawani?

Kijana wa Nyalenda

Mchumba wangu atawaambia leo usiku kwamba ni hotelini na ni baada ya jua kuzama. Kama ni hoteli ya Kichina au ya ugali, hilo wataliona wakifika.

Shemasi wa Nyamira

Mwambie alitaje lote leo.

Fundi Mabati

Samahani kwa kuingilia, lakini vile vitumbua vilivyoondolewa vilikuwa vimelipiwa nusu. Mimi si Msabato, na Jumamosi mchana sina shughuli.