Ushauri: udaktari wa familia, FELTP au Butaro? Barua inatakiwa Ijumaa

Dk_Malagarasi
Habari za jioni wadau. Mimi ni daktari (MD), nipo wilayani huku magharibi. Nimechoka kumtibu mtu kipindupindu, namruhusu, anarudi kunywa maji yale yale, mwezi haujaisha naletewa mdogo wake. Nataka kusomea udaktari wa jamii, ule wa kumfuata mtu ambaye hospitali iko mbali naye. Nimebaki na machaguo matatu: MMed (shahada ya ubingwa) ya udaktari wa familia Aga Khan Dar, FELTP pale Muhimbili, yale mafunzo ya kufuatilia milipuko ya magonjwa, au ile shahada ya uzamili ya UGHE, chuo cha afya kule Butaro, Rwanda. Barua ya kuomba ruhusa inatakiwa ifike kwa mkurugenzi Ijumaa. Ipi bora?

Ngosha_Buzuruga
Bora kwa nani, mkuu? Umeajiriwa halmashauri, mradi au misheni? Umethibitishwa kazini? Nani analipa ada? Una familia? Unauliza bei ya kushona hujasema ni kanzu au kaptula.

Bi_Mkunga
Na mimi naongeza moja: unapenda kumshika mgonjwa au unapenda kuhesabu wagonjwa? Hizo ulizotaja ni kazi tofauti kabisa. Ya kwanza utabaki kliniki, mjamzito, mtoto, mzee wa presha, wote wako. Ya pili utakuwa mtu wa milipuko. Ya tatu utajifunza kuendesha huduma.

Dk_Malagarasi
Asanteni. Halmashauri. Napenda vyote.

Ngosha_Buzuruga
Umejibu moja kati ya maswali matano.

Fildi_Kwanza
Mimi ni zao la FELTP, kwa hiyo nina upendeleo, sikatai. Ni miaka miwili, na sehemu kubwa uko fildi, darasani unakaa kama robo tu ya muda. Unafundishwa kwa kufanya. Simu inaita usiku, kuna ugonjwa haueleweki mahali fulani, asubuhi mko barabarani. Kumbuka Marburg, ile homa ya virusi, ya Kagera mwaka 2023, kazi ya kufuatilia nani alimgusa nani, nani alizika, nyumba kwa nyumba, ndiyo kazi tunayofundishwa. Mtu wa kipindupindu kama wewe hapo ndipo mahali pako. Utaacha kumsubiri mgonjwa, utakifuata kisima.

Halafu kuna ngazi ya awali ya miezi mitatu, unaifanya ukiwa kazini kwako, hung'oi familia. Ningekuwa wewe ningeanza na hiyo kabla ya kuandika barua yoyote.

Njia_Panda_Webuye
Salamu kutoka Kenya. Mbona watu mnaruka udaktari wa familia haraka hivyo? Sisi Chuo Kikuu cha Moi tulianza MMed hiyo 2005, miaka minne, na sehemu ya mafunzo iko Webuye, si mjini. Kabarak nao wanafundishia hospitali za misheni kama Kijabe na Chogoria. Unatoka hapo unaweza kumpasua mama saa nane usiku, asubuhi ukakaa na wahudumu wa afya ya jamii mkapanga nyumba za kutembelea. Huo ndio udaktari wa mahali pasipo na mabingwa sita wa kumrushia mgonjwa.

Shida yetu ni moja. Tangu afya iende kwa kaunti 2013, kuna kaunti zinampokea daktari wa familia halafu hazijui zimweke wapi. Anaishia kuitwa "daktari wa kawaida aliyesoma sana".

Ngosha_Buzuruga
Hahaha, hata huku watu wanauliza: bingwa wa nini? Wa familia. Familia ya nani?

Bi_Mkunga
Mnacheka, lakini huyo ndiye bingwa pekee ambaye mgonjwa wake hana haja ya kujua anaumwa kiungo gani.

KipimoJoto
Naomba niseme yaliyonikuta, chuo na mradi sitavitaja. Nilikwenda kozi ya miaka miwili ya afya ya jamii. Tangazo lilikuwa na picha ya daktari kaketi kwenye mkeka na wazee chini ya mwembe. Nikasema hii ndiyo yangu. Mwaka wa kwanza darasani, sina neno. Wa pili fildi, miezi kumi. Kufika kule, gari la kozi likageuka gari la mradi wa mtu. Kijiji nilichopangiwa kilikuwa kilomita arobaini na kitu kutoka tulipolala. Nadandia lori la mpunga, nafika saa tano, watu wote wako shamba. Siku moja mwenyekiti wa kitongoji akanihurumia, akanipa kigoda, akaniuliza: "Dokta, wewe ni wa vyandarua au wa vyoo?" Walishapita wengi kabla yangu na madodoso. Nilikosa la kujibu, maana hata mimi nilikuwa sijui.

Miezi sita nikajaza madodoso ya tafiti za wengine, tasnifu yangu haina hata ukurasa. Msimamizi kasafiri, simu haipokelewi. Nikaongeza mwaka kwa fedha ya mke wangu, anauza vitenge. Narudi kazini, kiti changu kina mtu, mshahara ule ule kwa sababu shahada yenyewe haikunipandisha cheo, na wiki hiyo hiyo nikapangiwa zamu za usiku. Mwenyekiti yule bado ananipigia simu siku za sikukuu. Hiyo ndiyo faida niliyoipata.

Kwa hiyo usiulize chuo. Uliza gari ni la nani, msimamizi anakaa wapi, na huko kijijini unalala au unapita.

Fildi_Kwanza
Pole sana mkuu. Lakini si kozi zote ziko hivyo.

KipimoJoto
Sijasema zote. Nimesema uliza gari.

Mzee_AMO
Vijana, mnanisikitisha. Kazi hii mnayoitafutia shahada tumeifanya sisi madaktari wasaidizi miaka yote. Mtu alianza tabibu, akakaa zahanati akakomaa, akarudi chuoni miaka miwili, akatoka anapasua, anasimamia chanjo, anawajua wakunga wa jadi kwa majina ya watoto wao. Hatukuitwa mabingwa wa jamii. Tuliitwa "Dokta" na kuku tukaletewa. Leo mnataka miaka minne Dar ili mjifunze kuongea na mwanakijiji.

Ngosha_Buzuruga
Shikamoo mzee. Ila kuku haileti mafuta ya gari la wagonjwa. Mtu wa jamii lazima ajue kutetea bajeti mbele ya madiwani, na hilo wengi wenu lilikuwa linawashinda.

Mzee_AMO
Marahaba. Madiwani walikuwa wagonjwa wangu. Bajeti nilikuwa naipitisha kliniki.

Mtu_wa_Gallup
Nipo Marekani, New Mexico, pembezoni mwa nchi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku. Huku nako kuna nyumba nyingi hazina maji ya bomba, na mgonjwa wa kisukari anaendesha saa nzima kufika kliniki. Kuna feloshipu inaitwa HEAL, iko chini ya UCSF, chuo kikuu cha California kule San Francisco, miaka miwili. Mafelo wengine ni wa hapa, wengine wanatoka kwenye nchi washirika, na wanafanya kazi ndani ya jamii zenyewe. Naitaja si kwa sababu nakushauri uje, maana ukitaka kumshika mgonjwa huku ujue kwanza kuna mitihani ya leseni ya Marekani na umri hausubiri. Naitaja kwa sababu inamfunza mtu baada ya kuwa daktari kamili, haimpi cheo kipya, na watu bado wanaigombania. Jiulize unatafuta cheo au unatafuta watu wa kutembea nao.

Bi_Mkunga
Mmeisahau Butaro jamani. UGHE ilianzishwa 2015 na watu wa shirika la afya la Partners In Health, na chuo kiko kijijini kweli, wilaya ya Burera, hakikuwekwa Kigali. Paul Farmer, daktari mmoja wa waanzilishi wa shirika hilo, alifia huko huko 2022, akifundisha. Shahada yao ni mwaka mmoja, inakufundisha kwa nini dawa ipo bohari na mgonjwa hana. Kasoro yake kwa mtu wa halmashauri ni kwamba ni MSc, haikufanyi bingwa. MMed ndiyo njia ya ubingwa.

Dk_Malagarasi
Nimesoma yote, asanteni sana. Nijibu yaliyobaki. Nina mwaka mmoja na miezi minane kazini, barua ya kuthibitishwa bado haijatoka. Mfadhili sina. Mke ni mwalimu, watoto wawili, wa pili ana miezi mitano. Mke sijamwambia bado.

Ngosha_Buzuruga
Yesu na Maria.

Afisa_Utumishi_Mstaafu
Mwanangu, bila barua ya kuthibitishwa, ombi la ruhusa ya masomo litarudi kwako kabla mkurugenzi hajalitazama. Kesho nenda masijala uliulizie faili lako. Mara nyingi barua ipo, imekaa chini ya kikombe cha chai cha mtu.

Fildi_Kwanza
Ndiyo maana nikasema ile ya miezi mitatu.

Njia_Panda_Webuye
Na mke ndiye mfadhili wa kwanza, muulize KipimoJoto.

KipimoJoto
Vitenge bado anauza. Karibuni inboksi.

Mzee_AMO
Dk_Malagarasi, umeajiriwa mkoa gani hasa? Nilifanya Kasulu na Kibondo kabla barabara haijawekwa lami. Kama uko huko, kisima kinachowaumiza watu huenda nakijua.

Dk_Malagarasi
Kibondo, mzee.

Mzee_AMO
Nitumie namba yako.

Tabibu_wa_Mafia
Samahani naingilia. Nipo kisiwani Mafia, hospitali ya wilaya, nina kibali cha mkurugenzi. Kuna daktari yeyote wa Kigoma au Geita anayetaka kubadilishana kituo? Samaki wapo, umeme upo. Mtandao ni huu mnaouona, ujumbe huu nimeutuma mara nne.